Watani wa Baba

Shangazi aliponipigia simu kunieleza kwamba baba amefariki, nilisema "Inna lillahi" kama inavyotakiwa, nikakata simu, na neno la kwanza lililonitoka baada ya hapo lilikuwa: "Usije."

Nilikuwa namwambia mwenzangu. Alikuwa ameingia na beseni la plamu, mikono imelowa, akauona uso wangu na akajua ni nani amekufa. Aliliweka beseni chini taratibu. "Nisije wapi?" akauliza. Nikamwambia Malindi, kijijini kwetu huku milimani, msibani. Asije yeye, rafiki yetu mpishi asije, na fundi cherehani pia asije. Akaanza kuchambua plamu zilizopondeka, kwa sababu zilikuwa za kwenda sokoni na soko halijui msiba.

Mwenzangu ni mwanamke kama mimi. Tunaishi Lushoto mjini, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na tunauza matunda: plamu, peasi, tufaa, kila kitu kwa msimu wake. Tunaishi kama wanavyoishi watu waliooana, ila hakuna aliyetuoza. Kwa majirani sisi ni wafanyabiashara wenza. Chumba cha mbele tumeweka kitanda cha pili, kimetandikwa shuka la maua, na ukiacha mgeni wa mara mojamoja hakuna anayekilalia. Kipo kwa ajili ya macho ya watu. Mpishi hunicheka kwa kitanda hicho. Husema wanawake wawili kulala kitanda kimoja hakujawahi kuwa habari katika nchi hii, lakini kitanda kisicholaliwa kikabadilishwa shuka kila wiki, hicho ndicho kitakachotupeleka polisi. Huwa nacheka naye, kisha nabadilisha shuka.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Zile habari zikianza tena redioni kwamba watu wa aina yetu wasakwe, wenzangu huzima redio wakaendelea na maisha. Mimi huizima, halafu huiwasha tena kwa sauti ya chini nisikie wamefikia wapi. Lakini safari hii hofu yangu ilikuwa na msingi. Harusini kwetu unaweza kuingia, ukala pilau, ukaondoka, asikuulize mtu. Msibani kila uso una mahali pake. Kina bibi hukaa kwenye mikeka na tasbihi zao, na kazi yao ya pili baada ya dua ni hiyo: yule nani, kaja na nani, anamlilia marehemu kama nani wake. Mgeni anayelia sana huulizwa. Asiyelia kabisa huulizwa pia.

Na kulikuwa na jingine lililonitisha zaidi. Kwetu, matanga yakishaanuliwa siku ya tatu, ukoo hukaa kikao kuamua juu ya yote aliyoyaacha marehemu. Katika aliyoyaacha baba, lililowakera kuliko yote lilikuwa mimi: binti wa makamo, hana mume, anakaa mjini anauza matunda. Baba mdogo alikuwa na jibu lake tangu baba akiwa hai. Kulikuwa na mgane mmoja huko Mponde, mwenye shamba la chai na watoto wanaotaka mama. Kila alipotajwa mgane huyo, baba alikuwa akikohoa mpaka mazungumzo yabadilike. Sasa hakukuwa na wa kukohoa. Nilijua nikipanda Malindi huenda nisirudi kwenye vyumba vyangu, na kama mtu mmoja tu angetambua mwenzangu ni nani kwangu, basi ndiyo nisingerudi kabisa.

Mpishi alifika kabla sijamaliza kufunga mkoba. Huyu ndiye aliyetukusanya. Ni mwanamume mnene wa makamo, Mzigua wa Handeni, anayepika kwenye maharusi na semina wilaya nzima. Zamani tulimpelekea matunda ya harusi fulani, akatutazama sisi wawili tunavyopokezana tenga, akauliza, "Nyinyi mnakaa wapi?" Niliogopa, nikamtajia mtaa mwingine kabisa. Jioni hiyohiyo akatokea mlangoni kwetu na bakuli la pilau limefunikwa kawa, akasema, "Kule ulikonielekeza kuna makaburi tu." Kisha akatueleza habari zake mwenyewe bila kuulizwa, amesimama, harakaharaka, kwamba na yeye ni wa namna yetu na kwamba hapendi kula peke yake. Nililia siku ile mbele ya mtu nisiyemjua, na pilau likapoa.

Tangu hapo Jumapili tunakula kwake: sisi wawili, yeye, na fundi cherehani mmoja, Mchaga, ambaye kwao Moshi walimfukuza baada ya kaka yake kuisoma simu yake. Nikiugua, fundi huacha cherehani yake akakaa sokoni kwangu, na huuza vibaya, lakini hukaa. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi naona rafiki ni neno dogo kwa watu hawa.

Mpishi ana sharti moja tu kwetu: hakuna anayekwenda msibani peke yake. Alilitoa wapi tunajua. Mtu wake, waliyeishi pamoja miaka mingi, alipofariki, kaka za marehemu walimkuta mpishi njiani wakamwambia asithubutu kuingia. Akavuka barabara, akasimama kituoni na mfuko wa nailoni mkononi kama abiria, mpaka jeneza likapita. Hadi leo anasema siku ile alikuwa anasubiri basi.

"Tunakuja," aliniambia.

"Mtakuja kama nani?"

"Kama tulivyo. Wazigua."

Niliketi juu ya mkoba. Sisi Wasambaa na Wazigua ni watani, na msibani mtani haulizwi. Anaingia bila mwaliko, anawatukana wafiwa, anaficha majembe ya wachimba kaburi mpaka apewe kuku. Matanga yakianuliwa anavaa nguo za marehemu na kumwigiza, hatua kwa hatua, mpaka watu wacheke na machozi yakiwatoka. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika, na alichokisema mtani hakishitakiwi popote. Katika msiba mzima, huyo ndiye mtu pekee ambaye kina bibi hawamuulizi anamlilia marehemu kama nani.

Kwa mwenzangu, utani huo haukuwa wa kubuni. Msimu wa baridi uliopita baba alikaa kwetu akihudhuria kliniki ya kisukari, ana kidonda mguuni kisichotaka kupona, akilala kwenye kile kitanda cha shuka la maua. Mwenzangu ndiye aliyekuwa akimsafisha kila asubuhi, kwa sababu mimi nikiona damu naishiwa nguvu. Baba alipogundua tu kwamba ni Mzigua wa Mazinde, akapata raha. "We Mzigua, huo ni mguu wa mtu, usije ukauchemsha." Naye anamjibu, "Mguu wa Msambaa una nyama gani, mzee? Umekwisha kwa kulima ukutani, huko kwenye miteremko yenu." Walitukanana hivyo kila siku, kidonda kimefunguliwa katikati yao, baba anacheka huku anauma meno. Kama alijua zaidi ya hapo, mimi sijui. Hakuuliza, sikusema, na jambo hilo linanichoma mpaka sasa.

Mpishi alitoa maagizo yake pale pale. Fundi si mtani wa mtu, kwa hiyo atabeba maji na kunyamaza. Hakuna kunitazama mimi kuliko wanavyowatazama wafiwa wengine. Halafu akamgeukia mwenzangu.

"Na wewe, hakuna kulia. Mtani halii. Ukilia watauliza."

"Nitaweza," mwenzangu alisema.

Nilitangulia Malindi peke yangu, wao wakafuata kwa gari jingine. Nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya kina mama, kichwa nimekifunika, niliposikia sauti ya mwenzangu kutoka njiani, kubwa, ya kupayuka, ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu.

"Nasikia mzee wenu kafa kwa baridi. Wasambaa nyie mmekosa hata blanketi la kumfunika mtu mzima?"

Kina bibi wakainua vichwa. Bibi mmoja, jirani wa karibu wa baba, akauliza, "Huyo nani?" Mwingine akajibu kwa Kishambaa kwamba ni mtani, Mzigua, sikilizeni mdomo wake. Wakaanza kumrudishia matusi, kwamba huko kwao mvua wanaijua kwa kusimuliwa. Mimi mfiwa ilinipasa nijibu pia. Nikamwambia mtu ambaye asubuhi ile alinifunga kilemba kwa mikono yake kwamba ana miguu ya kuku. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu nyuso zilizocheka na zile ambazo hazikucheka.

Siku zile tatu zilipita hivyo. Mpishi alificha majembe, akapewa jogoo. Fundi alibeba maji na kumwamkia kila aliyekutana naye, hata watoto wa sekondari karibu awape shikamoo kwa woga, mpaka kina bibi wakampenda na kuulizana kama ana mke. Kila jambo lilikwenda sawa, na kadiri lilivyokwenda sawa ndivyo nilivyozidi kuogopa. Nilikuwa nawasikia wanaume nyuma ya banda wakizungumza na baba mdogo kwa sauti za chini, na neno Mponde likapita kwenye mazungumzo yao zaidi ya mara moja.

Siku ya tatu, hitima ikasomwa, wali ukaliwa, na watani wakaachiwa uwanja. Mpishi akaingia chumbani kwa baba akatoka amevaa sweta lake la kijani, kofia yake, na fimbo yake. Alikuwa amemlisha baba uji msimu mzima ule wa baridi, na alimjua. Alitembea hatua tatu, akasimama, akatazama juu mlimani, upande wa Mtae, kama mtu anayeidai mvua, akakohoa, akasema, "Enhe, kwa hiyo mmeshakula?" Ilikuwa sauti ya baba kabisa. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi pia nilicheka, kisha nikajikuta nimeinuka nusu ili nimpe kiti.

Watu wakaanza kumuuliza maswali, kama inavyofanywa. Jirani akamuuliza jembe lake aliloazima liko wapi. Mwingine akamuuliza huko alikokwenda kama kuna viazi. Mpishi anajibu, watu wanashika mbavu. Kisha shangazi akasimama. Ni mwanamke mwembamba, dada wa baba aliyemfuata kwa kuzaliwa, na katika ukoo wetu akisema jambo, hata baba mdogo hulitafuna kwanza kabla ya kulitema.

"Kaka," alisema, na hakuwa anacheka. "Na huyu binti yako, umemwachia nani?"

Kicheko kilipungua. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Namjua mpishi: akipata watu wa kumsikiliza, ulimi wake hauna breki. Neno moja la kupitiliza, tabasamu moja kuelekea upande wa mwenzangu, na kina bibi wangekuwa na jibu la lile swali lao la siku zote. Nilimwangalia. Akaiegemea fimbo ya baba, akawatazama watu mmoja mmoja.

"Kwani nilipougua nililala kwa nani?" akasema, kwa ile sauti ya baba.

Akaugonga mguu wake kwa ile fimbo.

"Nililala kwa huyu. Uji nilinywea kwake. Mguu huu uliokuwa unanuka mpaka nzi wanaukataa, ulioshewa kwake. Nyinyi mlikuwa wapi? Mlikuwa mnalima ukutani." Hapo watu wakacheka kidogo. "Sasa mnaniuliza nimemwachia nani. Mwacheni alipo. Nikipita Lushoto nijue pa kufikia."

Akakohoa, akageuka, akaanza kumdai jirani chumvi. Kicheko kikarudi. Niliweka sinia chini, nikamtafuta mwenzangu kwa macho, na hakuwepo pale alipokuwa amesimama.

Kwenye kikao, baba mdogo alilileta la mgane wa Mponde kama alivyopanga. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nikiosha vikombe ambavyo vilikwisha kuoshwa. Nikamsikia shangazi akisema, "Marehemu si ameshajibu?" Wanaume wakacheka. Baba mdogo akasema ule ulikuwa utani. Shangazi akamuuliza kama yupo tayari kusimama mbele ya watu ambishie mtani, siku ya tanga, ndani ya sweta la kaka yake. Baba mdogo hakuwa tayari. Wakahamia kwenye mpaka wa shamba la kahawa, wakagombania hilo mpaka alasiri.

Ningepaswa kupumua. Lakini shangazi aliniita chumbani kwa baba, akafunga mlango. Alikuwa anakunja nguo za marehemu kwa ajili ya kugawa, na hakuniangalia.

"Yule Mzigua wa Mazinde," alisema. "Ndiye aliyekuwa anamwosha kaka mguu?"

Ningeweza kukana. Uongo ninao mwingi, nimeishi kwa huo. Nikasema ndiye.

"Yule si mtani."

Nilitazama mlango, nikafikiria mpishi na fundi wako wapi, na kama gari la mwisho la kushuka limeshaondoka.

"Wakati yule bwana amevaa sweta, watu wote wanacheka, nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta mwiko. Nikamkuta amejiziba uso kwa kanga." Alilikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kola. "Mtani halii, mwanangu."

Nilianza kusema kwamba ana huzuni zake, kwamba na yeye alifiwa na baba yake si zamani, kwamba kuna ndugu yake mgonjwa. Shangazi akainua mkono.

"Sijakuuliza kitu."

Aliendelea kukunja. Aliponyanyua uso, ulikuwa uso wake wa siku zote, wa kutoa kazi. Akanieleza anachotaka siku ya arobaini, maneno machache, akanipa rundo la nguo nipeleke nje.

Tuliporudi Lushoto tulikaa kwa mpishi mchana kutwa, wote wanne, mlango umefungwa. Mwenzangu ndipo alipolia, kwa sauti, kichwa mapajani mwangu, akimwita baba "mzee wangu" na kusema hata kidonda chenyewe kilikuwa kimeanza kufunga. Fundi alimshika miguu. Mpishi, ambaye aliwachekesha watu wa mlima mzima, alikaa kwenye kigoda amenyamaza, na nilipomuuliza yale maneno ya baba aliyatoa wapi, alisema mengine ni yake na mengine ni ya baba, na hataniambia ni yapi, ili nisije nikayachambua mpaka yakaisha.

Ndipo nikawaambia aliyoyasema shangazi. Kwamba siku ya arobaini, yule Mzigua asije mchana na watani. Aje na mimi, asubuhi na mapema, aingie jikoni na wanawake wa nyumba.

Hakuna aliyefurahi, kama unavyoweza kudhani. Mpishi aliuliza shangazi alilisema kwa uso gani. Aliniuliza tena na tena. Alisema watu huitwa ndani ili wakamatwe vizuri, yeye amekwisha kuyaona. Fundi akasema waliomfukuza yeye hawakumwita jikoni kwanza. Wakabishana, na mimi nilikuwa upande wa wote wawili kwa wakati mmoja. Kwetu mgeni hali ila kinachotoka jikoni, lakini kuingia humo ni kwa mabinti na wake za watu wa nyumba ile.

Mwenzangu alijifuta uso kwa kanga. "Niende kama nani?" akaniuliza.

"Hakusema," nikamjibu. "Alisema uje na kisu chako, vya pale havikati."

Aliinuka, akaenda kumuuliza mpishi jiwe la kunolea liko wapi.